Bwawa limelala juu ya kinyungu cha mama

Nilishuka Mafinga alfajiri, baridi ya Julai inauma mpaka kwenye meno. Miaka 13 nilikuwa Uingereza. Baba mdogo alinipokea na pikipiki, "Kamwene, mwanangu!", akanivalisha koti lake, na hata chai hatukunywa: twende kwanza ukaone bwawa.

Nilisimama juu ya tuta nikitafuta kinyungu cha mama, yaani bustani yake ya bondeni ya kulima kiangazi. Kilikuwa pale chini kando ya kijito, udongo mweusi unaoshika unyevu kiangazi chote. Mahindi mabichi ya pale, yaliyouzwa wakati mashamba ya mlimani yamekauka, ndiyo yaliyonilipia ada. Sasa ni maji matupu. Nilikaa kwenye nyasi, machozi yakanitoka.

"Mama yako aliridhia mwenyewe," akaniambia. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na vinyungu vyetu karibu vyote vilikuwa humo humo. Kuwaambia watu waondoke bila kuwapa pa kwenda kungeleta njaa. Bwawa limewapa. Maji yanashuka kwa bomba hadi kwenye mteremko tuliokuwa tunachungia mbuzi, kila kaya na siku yake ya zamu, na nimeona kwa macho yangu viazi na maharage ya kijani katikati ya Julai.

Hili ni la pili. La kwanza lilibomoka mwaka ule ule niliosafiri. Mkandarasi alichimba utoro wa maji, ile njia ya kutolea maji yanayozidi, mwembamba kama mfereji wa bustani; mvua za Machi zikalijaza, maji yakakosa pa kutokea, yakapita juu ya tuta. Tuta la udongo likishapitiwa juu, halimalizi usiku. Asubuhi tulikuta pengo, na mahindi ya majirani yamelala kwenye tope. Safari hii utoro ni mpana, umepangwa mawe. Ndani ya tuta kuna mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, na juu ni nyasi tu. Baba mdogo aliona mche wa mkaratusi umejiotea pale, akaung'oa palepale. "Mzizi ukioza unaacha tundu. Maji hayatafuti zaidi ya hapo."

Tukazunguka hadi kijito kinapoingilia. Akachomeka mwanzi majini. Ulizama kidogo, ukagota. Akausukuma, ukaendelea kuzama, mpaka mkono wake ukaingia majini hadi kwenye kiwiko. Alipouchomoa, sehemu kubwa ilikuwa imepakwa tope jekundu. Kule bondeni udongo ni mweusi. Huu mwekundu ni wa mlimani, wa mashamba yanayolimwa kufuata mteremko. Masika machache ya namna hii, tutabaki na tuta zuri linalozuia matope.

Nilipanda mpaka kwenye chemchemi, na hapo niliumia kweli. Mikaratusi imefika hadi mdomoni pake. Najua mikaratusi ni nguzo, ni mbao, imejengea watu nyumba za bati. Lakini si pale, maana inayanywa maji kabla bwawa halijayaona. Ile mivengi, miti ya asili tuliyokuwa tunaokota matunda yake, imebaki miwili.

Na maji haya si yetu peke yetu. Yanaingia mto Ruaha Mdogo, yanapita Iringa mjini, yanaungana na Ruaha Mkuu, yanafika Mtera, bwawa lililokamilika 1980, kisha Kidatu, mpaka Bwawa la Julius Nyerere. Ruaha Mkuu wenyewe ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993. Ndiyo maana nilimuuliza baba mdogo kama kijito cha chini kinaachiwa kitu. Akanishika mkono akanionyesha bomba chini ya tuta, linatiririka mchana na usiku. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia bwawa lenyewe.

Jumamosi tunapima makinga maji, matuta ya kukata mteremko ili udongo usishuke, kule mlimani kwa fremu ya A, miti iliyofungwa umbo la A ya kupimia usawa wa ardhi; wenye mashamba saba wamekubali. Miche ya mivengi mama amesema ataiotesha mwenyewe. Viriba ameshavipanga nyuma ya jiko.