Siku moja maishani mwangu: napokea simu za wateja, nashusha pumzi

Saa 11:20 alfajiri. Alamu inalia na kabla sijafungua macho vizuri mkono ushaenda kwenye simu, kuna meseji 14 za grupu la kazini. Leo nimejikaza nikaigeuza kifudifudi. Nimebaki chali, mkono mmoja kifuani mwingine juu ya kitovu, navuta hewa kwa pua taratibu mpaka mkono wa chini unyanyuke na wa juu utulie palepale. Ukiona hivyo ujue kiwambo kimeshuka, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mwanzoni nilikuwa nafanya kinyume, kifua kinapanda, mabega yanagusa masikio, halafu najisifu nimevuta pumzi ndefu kumbe nimejichosha tu. Dakika 5 zimetosha, nimeamka.

Saa 1 asubuhi niko kwenye basi nimesimama, hakuna cha kusimulia.

Saa 2. Hedifoni kichwani. Kazi yangu ni huduma kwa wateja, yaani watu wananipigia wakiwa washakasirika tayari, sijawahi kupata anayepiga kusema mambo yake yako shwari. Kati ya simu na simu nina kama sekunde 10 hivi, zamani nilikuwa nazitumia kumtukana aliyekata (kimoyomoyo jamani!), siku hizi nashusha pumzi moja ndefu kwa mdomo, kama mtu anayepuliza mshumaa lakini hataki uzime.

Na hapa kuna kitu kilinichukua muda kukielewa. Watu wakiona presha imekupanda wanakwambia vuta pumzi, vuta pumzi. Mi naona wanashika upande usio sahihi. Ukivuta hewa mapigo ya moyo yanaongezeka kidogo, ukiitoa yanapungua, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono halafu upumue polepole, wengi wataisikia hiyo tofauti. Kwa hiyo anayetaka kutulia arefushe kutoa. Mi navuta kwa hesabu ya 4 natoa kwa 6, jumla sekunde 10, ndo pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyekaa tu anapumua kama mara 12 mpaka 20. Na lugha yetu ilishajua siku nyingi, mtu akinusurika balaa hatusemi amevuta pumzi, tunasema ameshusha pumzi.

Saa 4:10. Huyu sasa. Amekatwa hela mara mbili, ameshapiga simu mara tatu, na kila akipiga anaanza kuhadithia upya. "We dada unanisikiliza au unachezea simu?" Nimeangalia mkono wangu nikakuta nimebana kalamu mpaka kifuniko kimepasuka, na meno yote yamekutana. Nikabonyeza myuti, kile kitufe cha kuzima sauti yangu asinisikie, ili nipumue kidogo huku yeye anaendelea kusema. Nikavuta, nikashusha, fuuuuu, tena ile ya kutoka chini kabisa. Kimya. Halafu nasikia, "Dada, unalia?" Kumbe myuti haikukamata. Nikasema, "Hapana kaka, napumua tu." Akanyamaza, na kule kwake nikamsikia na yeye anashusha ya kwake. Tukaenda kwenye namba ya muamala kama watu wazima. Hela yake haijarudi leo wala kesho haitarudi, lakini hakunifokea tena.

Saa 6:50 mchana nimejiharibia mwenyewe. Supavaiza kaniita saa 7 kuongelea namba zangu za mwezi, nikakimbilia chooni kujiandaa, na kwa haraka zangu nikawa navuta mapumzi makubwa ya haraka haraka, kama ishirini hivi. Midomo ikaanza kuwashawasha, vidole ganzi, kichwa chepesi, nikashika sinki. Ukipumua kwa nguvu na kwa haraka unatoa kabonidayoksaidi nyingi kupita kiasi, mishipa ya damu ya kwenye ubongo inabana, unasikia kizunguzungu wakati oksijeni unayo ya kutosha. Nikaacha, nikasimama tu nikapumua kawaida mpaka vidole vikarudi. Nimeingia kikaoni nimechelewa dakika 3, hilo nalo limeandikwa.

Saa 9. Jirani yangu wa meza ananicheka, "Shoga, shida sio pumzi, shida ni simu 80 kwa zamu moja." Nikamwambia ukweli, hapo hajakosea. Hata ningepumua mpaka usiku simu zitabaki 80. Ila nilimwambia pia kwamba mwaka 2023 watafiti wa Stanford walitoa matokeo ya watu waliofanya dakika 5 kwa siku kwa mwezi mmoja, unavuta kwa pua, unaongezea kamvuto kadogo juu yake, halafu unashusha kirefu kwa mdomo, na hao walichangamka na kujisikia vizuri zaidi kuliko waliokaa wakifanya meditesheni ya kutuliza akili. Akasema hana dakika 5. Dakika mbili baadaye alikuwa anashusha, nimemuona kwa jicho la pembeni, nikajifanya naangalia skrini.

Saa 11 jioni nimetoka. Nyumbani mtoto, homuweki, vyombo, hayo mnayajua.

Saa 4:30 usiku. Kitandani huwa najaribu ile ya Dk. Andrew Weil, daktari wa Marekani, ya 4-7-8, unavuta kwa 4, unabana kwa 7, unatoa kwa 8. Sijui nyie, mi kule kubana mpaka 7 kunanipa wasiwasi badala ya kuutoa, nimerudi kwenye 4 na 6 zangu. Mkono juu ya kitovu, taa imezimwa, niko kwenye ya tisa hivi simu ikang'aa. Supavaiza. Kesho zamu yangu imebadilishwa, naanza saa 12 asubuhi.

Nikashusha moja ndefuuu, ndo nikaandika "sawa bosi".