Bomba la Nje: Kutoka Theluji ya Minnesota hadi Pwani ya Texas

Tela letu la kulalia lilikaa miezi mitano kando ya gereji, hapa Minnesota, likiwa limezikwa na theluji hadi nusu ya mlango, na siku tuliyoanza kulifukua, mwanzoni mwa Machi, kipimajoto kilionyesha nyuzi 11 chini ya sifuri. Shemeji yangu, aliyewasili kutoka Tanga mwezi Novemba bila kuwahi kuiona theluji, alisimama na beleshi mkononi akaniuliza, "Shemeji, yaani tunachimba nyumba ili tuikokote kwenda kuota jua?" Nikamwambia ndivyo, aendelee kuchimba.

Msomaji ambaye hajawahi kuishi kwenye baridi hii anastahili kuelezwa jambo moja, kwa kuwa ndilo lililotuponza. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba la plastiki lililojaa maji halina pa kukimbilia. Kwa hiyo kila Oktoba mwenye tela huyatoa maji yote, kisha huiachia pampu ivute dawa ya kuzuia kuganda, ile ya rangi ya waridi isiyo na sumu (si ile ya injini za magari, ambayo ni sumu kali), na hufungua koki moja baada ya nyingine mpaka kila moja iteme waridi. Machi ikifika, huwezi kurudisha maji na kujaribu mabomba ukiwa nyumbani, maana yataganda hata kabla hujavuka mpaka wa Iowa. Unaondoka na dawa ndani ya mabomba, maji ya kunywa kwenye madumu, na imani kwamba ulichokifanya Oktoba ulikifanya sawasawa.

Mengine yote niliyakagua, na kwa uangalifu ambao leo unanitia uchungu. Matairi mawili yalikuwa na tarakimu 2318 ubavuni, maana yake yalitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kwa macho yalikuwa mapya kabisa, lakini tairi la tela huzeeka kwa kusimama kuliko kwa kutembea, nikayabadilisha kwa bei ambayo mke wangu aliomba nisiirudie mbele yake. Betri iliyokuwa imelala ghorofa ya chini ya nyumba ilisoma volti 12.6, nikairudisha mahali pake. Maungio ya gesi niliyapaka povu la sabuni, hakuna lililotoa mapovu. Panya walikuwa wamejenga kiota ndani ya droo ya vijiko kwa sponji waliyoinyofoa kutoka kwenye godoro letu, na inaonekana wao ndio pekee waliolala vizuri humo tangu Oktoba. Nati za magurudumu nilizikaza kwa spana ya kipimo, nikazikaza tena baada ya kilomita themanini, kama inavyotakiwa.

Safari yenyewe kwa barabara ya Interstate 35 haina la kusimuliwa. Siku mbili za Iowa, Missouri, Kansas na Oklahoma zilikuwa upepo wa ubavuni, chai ya chupa, na pikapu ambayo hutembea kilomita 8 kwa lita moja ikiwa peke yake lakini ilishuka hadi 4 ilipokokota tela. Vituo vya mafuta ninavikumbuka kuliko miji.

Tulifika kambi moja kaskazini mwa Dallas jioni ya siku ya pili, baada ya karibu kilomita 1,500. Nyasi zilikuwa kijani. Shemeji alivua koti, akavua sweta, akavua na fulana ya ndani ya mikono mirefu, akakaa chini kwa furaha. Kambi ilitutoza dola 62 kwa usiku mmoja, pesa ambayo ingetosha kulala gesti yenye kitanda kisichotafunwa na panya. Lakini palikuwa na maji. Nilifunga kidhibiti cha presha kwenye koki ya kambi, nikaunga mpira, nikafungua taratibu. Jikoni koki ilikohoa, ikatema waridi, kisha ikatoa maji meupe. Bafuni vilevile. Nikaanza kujisifu.

Ndipo mke wangu akauliza kutoka ndani, "Nani anakaanga samaki?"

Hakuna aliyekuwa anakaanga kitu. Tulinyamaza wote watatu, na kweli ikasikika ile sauti ya mafuta yaliyopata moto, chee, ikitoka chini ya kitanda. Nilipoinua ubao, maji yalinipiga usoni. Yalikuwa yakiruka kama uzi kutoka ukutani na kutua juu ya mfuko wa mchele, mito miwili na begi la shemeji. Kukimbia nje, kuikuta koki, kuifunga, yote hayo yalichukua dakika ambayo naamini ilikuwa kumi. Shemeji aliutazama mchele uliolowa akasema kwamba si hasara, kwani hata vitumbua huanza kwa kuloweka mchele. Mke wangu akaufungua mfuko, akaona rangi ya waridi, akaubeba hadi pipa la taka bila kujibu.

Nililala kifudifudi na tochi mdomoni. Ukutani, nyuma ya kijimlango cha nje ambacho hatukifungui ila wakati wa kiangazi, kuna koki mbili za bomba la kuogea nje. Mwili wa ile ya maji baridi ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha. Kumbe Oktoba nilifungua koki ya jikoni, ya bafuni, ya choo, nikaisahau ya nje. Maji yaliyobaki humo, pengine yasiyojaza kikombe cha kahawa, yaliganda, yakapasua, kisha yakakaa kimya miezi mitano. Niliipiga simu kwa fundi bomba. Alitaka dola 175 ili aje tu kuangalia, na kazi yenyewe tungeizungumza akifika.

Nikiwa nimekaa pale kwenye unyevu nilimkumbuka babu yangu wa Pangani, aliyekuwa akitengeneza majahazi. Chombo kilichopandishwa pwani kwa miezi mingi hukauka, mbao zikaachana. Hupigwa kalafati kwa pamba iliyokolezwa mafuta, hupakwa sifa (mafuta ya papa) juu na deheni (chokaa iliyochanganywa na mafuta) chini, na pamoja na yote hayo kikishushwa siku ya kwanza huvuja. Babu hakushtuka. Alimweka kijana wa kufua maji, akasema mbao ziachwe zinywe, na baada ya siku moja au mbili zilivimba zikafungana zenyewe. Ubao ukipata maji hujirekebisha, na plastiki yangu ya bei mbaya ilikuwa ikinisubiri nilipe. Nyumbani kwetu tumezoea kulilaani bomba kwa sababu halitoi maji. Sikuwahi kufikiri nitakaa Texas nikililaani kwa kuyatoa.

Aliyetuokoa ni mzee jirani, mstaafu kutoka Manitoba, Kanada, mmoja wa wale wazee wa kaskazini ambao hushuka Texas kila msimu wa baridi. Alisikia vurugu, akaja na sanduku la spana, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Kijana, uliifungua ya nje?" Nikainamisha kichwa. Akasema hata yeye aliwahi kuisahau, mara mbili. Tulikata mabomba mawili ya plastiki nyuma ya koki hiyo, la moto na la baridi, akayaziba kwa vizibo vya inchi nusu vinavyosukumizwa kwa mkono tu. Fedha alikataa. Chai ya iliki hakuikataa, alikunywa vikombe vitatu.

Usiku huo tuliosha tenki kwa jiki, robo kikombe kwa kila lita 57, tukayaacha maji hayo hadi asubuhi, tukayamwaga na kusuuza mpaka harufu ikaisha. Hita ya maji nayo ilikuwa imefungiwa njia tangu Oktoba. Shemeji ndiye aliyenikumbusha kuijaza kabla ya kuiwasha, la sivyo ningeiunguza na hiyo.

Siku mbili baadaye tulikuwa kwenye kisiwa cha Mustang, karibu na Corpus Christi, pwani ya Texas. Bahari ya Ghuba ya Meksiko haina rangi ya bahari yetu, lakini chumvi ni ileile, na shemeji aliingia na suruali. Tulirudi kwenye tela saa kumi na moja jioni tukiwa na mchanga hadi magotini, na hapo ndipo tulipoelewa kwa nini watengenezaji waliweka bomba la kuogea nje. Mke wangu alisimama mlangoni, akakataa mtu yeyote asipite. Nikachukua dumu na kopo, nikamwagia shemeji miguu, naye akaniangalia akacheka, "Shemeji, hivi hata Tanga si tungeweza?"