Mbwa mkali na kuku wangu

Wiki iliyopita mteja aliingia hapa saiba, Nakuru, akitaka nimchapie kibao cha kubandika getini: MBWA KALI. Mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha nne na amekuja kunisaidia likizo hii, akakaa kwenye kompyuta akachapa vilevile alivyoambiwa. Sikumlaumu. Maneno hayo tumeyasoma kwenye mageti tangu utotoni, na jicho likishazoea kosa halilioni tena. Lakini mbwa ni mnyama, yumo katika ngeli ya A-WA, yaani kundi la nomino za watu na wanyama, kwa hiyo huyo ni mbwa mkali. Dawa ndiyo kali.

Jioni baada ya kufunga nikamwambia alete karatasi zake za marudio. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, isimujamii 10, na zile 40 zilizobaki ni matumizi ya lugha. Nusu ya karatasi! Na humo ndimo kijana anamopoteza alama, hasa akiambiwa "sahihisha sentensi ifuatayo". Nikamuuliza huwa anajuaje kosa liko wapi.

"Anko, nasoma polepole. Pale panaposikika vibaya ndipo nabadilisha."

Nami nilifanya hivyohivyo enzi zangu, na najua mwisho wake. Sikio la mtoto wa mjini limelelewa na matatu, soko na Sheng. Ni lugha yetu, mimi mwenyewe naiongea na wateja kutwa nzima, na siioni kuwa na aibu yoyote. Ila katika swali la kusahihisha, sikio hilo litakuambia kila kitu kiko sawa, kwa sababu mtunga mtihani amechagua makusudi makosa tunayoyasikia kila siku.

Kwa hiyo nilimwekea sheria moja: weka kidole kwenye nomino kabla ya kugusa neno lingine lolote. Nikamwandikia hii kwenye daftari:

Kuku zangu zimetaga mayai kumi na mbili ambayo ni kubwa.

Akaisoma mara mbili, akasema haina kosa. Nikamwambia aweke kidole kwenye "kuku". Ngeli gani? A-WA. Je, ni mmoja au wengi? Kuku hawabadiliki kwa umbo, lakini zangu na zimetaga zinaonyesha ni wengi. Basi kuku wangu wametaga. Kidole kikasogea hadi "mayai". LI-YA, wingi. Hapo akanyamaza kidogo, kisha akasema mwenyewe, "Kumi na mawili!" Wengi husahau kwamba hata ile mbili iliyo mwishoni mwa kumi na mbili hufuata nomino yake. Alipofika kwenye "ambayo" akataka kuibadilisha pia. Nikamzuia mkono. Ambayo inarejelea mayai, iko sawa kabisa, iache. Kisha makubwa. Sentensi ikawa: Kuku wangu wametaga mayai kumi na mawili ambayo ni makubwa.

Ile "ambayo" ndiyo iliyonifanya niandike haya leo. Kurekebisha kisichoharibika kunagharimu alama sawasawa na kuacha kilichoharibika. Mwaka wangu wa mwisho shuleni, katika mtihani wa mwigo, nilipewa sentensi iliyoanza na "Ndugu zangu". Nilikuwa nimekariri ngeli mpaka nikazichukua kama panga, nikafyeka, nikaandika "Ndugu wangu wamefika". Kalamu nyekundu ikapita juu yake. Iliniuma sana, maana kosa lenyewe lilikuwa kwenye kitenzi, nami nilikuwa nimelirekebisha vizuri. Majina ya ujamaa na urafiki yana desturi yake: mama yangu, rafiki yangu, ndugu zangu. Kitenzi ndicho kinachobaki na A-WA: rafiki yangu amefika, ndugu zangu wamefika. Kuku si ndugu, kwa hiyo ni kuku wangu.

Kuna mengine ambayo kidole kwenye nomino hakiyafikii, nayo lazima uyajue kwa uso. "Mtu mwenye alinipigia simu": mwenye ni wa kumiliki, kama mtu mwenye simu, kwa hiyo huyu ni mtu aliyenipigia. "Wewe hauwezi": wewe huwezi, mti ndio hauwezi. "Ungalisoma ungepita": chagua ngali au nge, ukishachagua kaa nayo pande zote mbili, ungalisoma ungalipita. Haya matatu mpwa wangu ameyabandika ukutani juu ya kitanda chake.

Tangu siku ile tunafanya sentensi kumi kila jioni, na nyingi sizitoi vitabuni. Nazitoa kwenye barua na matangazo ambayo wateja hutuletea tuchape, baada ya kufuta majina yao. Juzi alipata nane. Jana sita, kwa sababu niliingiza usemi wa taarifa na bado "kesho" inamkataa kugeuka ikawa "siku iliyofuata". Leo tunarudia hiyohiyo, kisha twende kwa ukubwa na udogo, maana hapo hata mimi lazima nifungue kamusi kabla sijamwekea alama.