Mtego Uliokaa Miezi Mitatu Bila Kunasa Kitu

Joho lilianza kuliwa kwenye pindo. Niliona asubuhi moja nikifuta kioo cha kabati la maonyesho katika makumbusho yetu. Ni joho jeusi la sufu, limetariziwa zari shingoni na kifuani, la namna ile tunayoiona kwenye picha za Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888. Hili letu si la sultani. Lilikuwa la mfanyabiashara wa hapa hapa Mji Mkongwe, na wajukuu zake walipotukabidhi walisema, "Hii amana yetu, itunzeni." Kwenye pindo la kulia palikuwa na vitundu vitano, vinne mfano wa kichwa cha pini, cha tano kinaingia ncha ya kidole. Nilisimama pale na kitambaa cha kufutia mkononi, moyo umeniingia baridi. Amana inaliwa na mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo.

Sufu ikitoboka, kila mtu atakwambia ni nondo. Nami nilisema ni nondo. Nikaagiza kutoka nje mitego ya feromoni: kibanda cha karatasi chenye gundi ndani, na katikati kidonge kinachotoa harufu ya jike wa nondo wa nguo, yule ambaye wataalamu humwita Tineola bisselliella. Dume huifuata harufu akidhani kuna jike, akanasa. Ilikuja mitatu tu, na kwa bei yake ilikula sehemu kubwa ya fungu letu la vifaa vya usafi la mwaka ule. Nikaiweka mmoja ndani ya kabati la joho, mmoja chumba cha nguo, mmoja stoo.

Kila Jumatatu nilichungulia. Wiki ya kwanza, patupu. Mwezi, patupu. Miezi mitatu, ambayo ndiyo takriban umri wa harufu yenyewe kabla haijaisha nguvu, hakuna nondo hata mmoja. Daftarini niliandika "hakuna wadudu", na kwenye kikao nikamwambia mkubwa wangu tuko salama. Wiki iliyofuata nilihesabu vitundu kwenye pindo. Kumi na moja.

Yaliyonipata yanaweza kumpata yeyote anayechagua mtego kwa kuangalia ubora wake bila kwanza kujua mdudu wake. Harufu ile huita madume wa aina moja ya nondo. Mdudu mwingine yeyote anaipita kama hajaisikia. Kwa hiyo mtego wangu ulijibu kweli tupu, kwamba nondo wa aina ile hakuwepo, nami nikausoma kana kwamba hakuna mdudu kabisa. Miezi mitatu yote ile aliyekuwa akila joho alikuwa mwingine, na nilikuwa sijamtafuta.

Nikaanza upya, safari hii nikitaka mtego usiochagua. Mlinzi wetu, mzee wa makamo aliyeijua nyumba ile kuliko sisi sote, akaniambia, "Mwanangu, nunua gundi ya panya, inauzwa kila duka." Nikanunua, nikapaka kwenye ubao bapa, nikaweka pembeni mwa ukuta. Asubuhi nikakuta mjusi kafiri amenasa miguu yote minne, bado anahema. Ilinichukua karibu nusu saa kumtoa kwa mafuta ya kupikia, tone kwa tone, kwa kijiti cha pamba. Tena mchana joto lilipopanda gundi ilianza kulegea ikachuruzika kwenye sakafu ya chokaa, na vumbi la siku tatu likaufanya ubao ule usinase hata chungu. Hata tuuache huo ukatili kwa mjusi, mnyama akifia mtegoni anakuwa chakula cha wadudu wale wale unaowakimbia. Ubao ule nikautupa.

Fundi umeme naye alipendekeza taa ya buluu kama zile za jikoni mahotelini. Nilifikiria, nikakataa. Mwanga wake una miali inayopausha rangi za kanga na kukausha karatasi, na zile zinazounguza wadudu kwa umeme huwapasua na kurusha vipande vyao chumbani, wakati sisi hatutaki mzoga wa mdudu uonekane ndani. Mbaya zaidi, madirisha yetu hayana vioo, yana mbao za kupitisha hewa tu. Taa ya namna ile ingewaita wadudu wa mtaa mzima usiku kucha. Nadhani ina nafasi yake kwenye stoo isiyo na dirisha, mbali na vitu. Kwetu haikufaa.

Nilichokichagua mwishoni ni kitu rahisi mno: kadibodi iliyokunjwa mfano wa hema dogo, chini ina gundi, pande mbili wazi kwa upenyo mwembamba asioweza kupita mjusi mkubwa. Haina harufu wala chambo. Mdudu anayetembea gizani hupenda kufuata ukuta, akifika hapo anapita ndani na kunasa. Hema lenyewe linaikinga gundi na vumbi. Kwa bei ya feromoni tatu nilipata ishirini na nne na zikabaki pesa.

Wingi ule ndio ulionisaidia. Nilichora ramani ya nyumba kwa mkono, vyumba vinne na stoo, nikatoa namba kwa kila mtego na kuiandika juu yake pamoja na tarehe ya kuuweka. Niliipanga sakafuni, imegusa ukuta: pembeni mwa milango, chini ya madirisha, nyuma ya makabati. Mitego mitatu iliingia ndani ya makabati yenyewe, isiguse kitu chochote, maana gundi ikishika sufu ya zamani hutaitoa bila kuiumiza. Nikamwomba mfagiaji wetu kila akiusogeza mtego aurudishe pale pale, na nikamweleza kwa nini. Hilo la kueleza usilipuuze. Kabla sijaeleza, mitego miwili ilishaishia kwenye pipa la taka, kwa nia njema kabisa.

Wiki ya nne nilikaa mezani na kioo cha kukuzia, nikafungua mmoja mmoja. Chungu, mende wachanga, buibui, vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyoteleza kama samaki ambavyo huniambia pana unyevu. Halafu namba 7, uliokuwa chini ya dirisha karibu kabisa na kabati la joho. Ndani mlikuwa na kitu nilichodhani ni uchafu wa zulia: kipande cha kahawia, chini ya nusu sentimita, mistari ya giza na ya mwanga imepishana mgongoni, nywele zimesimama mwili mzima na kishada nyuma. Nikakigeuza kwa sindano. Kilikuwa kitupu ndani, ngozi iliyovuliwa. Pembeni yake palikuwa na nyingine mbili, na buu mmoja mzima.

Nilimlinganisha na picha hadi nikaridhika. Ni buu wa mbawakawa wadogo wa jamii ya Anthrenus. Mkubwa wake ni duara, milimita mbili au tatu, ana madoa kama ya kanga, na hana haja na nguo yoyote: anakula chavua ya maua huko nje. Mwenye njaa ya sufu, nywele, manyoya na wadudu waliokufa ni buu, na hukaa hivyo miezi mingi akijivua ngozi mara kwa mara. Ngozi zile ndizo ushahidi wake. Na mkubwa huvutwa na mwanga, kwa hiyo kizingiti cha dirisha nacho ni mtego wa bure. Nilikifuta kizingiti cha dirisha lile kwa brashi juu ya karatasi nyeupe, nikapata wanne wamekauka.

Ramani ikasema yaliyobaki. Mitego ya chumba cha mbele ilikuwa safi, ya kati ilikuwa na ngozi moja, na namba 7, 8 na 9, yote ya ukuta ule wa dirisha, ndiyo iliyojaa. Mlinzi aliitazama karatasi, akainua macho kwenye boriti. "Juu pale kuna jurawa," akasema. "Kila mwaka wanazaa." Tukaleta ngazi. Kati ya boriti na ukuta palikuwa na tundu la zamani la hewa, na ndani yake kiota kikubwa kama kofia mbili, manyoya na majani na makinda yaliyokufa kwa misimu mingi. Nilipokigusa, mabuu wakamwagika. Kumbe walikuwa wanashiba juu, wakizidi wanateremka ukutani hadi kwenye joho.

Kiota kilikuwa hakina kinda hai, tukakitoa chote, tukafyonza tundu lote kwa mashine na kuziba kwa wavu wa waya. Joho nililifunga kwenye nailoni nzito, nikaisukuma hewa itoke, nikaliweka kwenye friza la kifuniko kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Siku ya tano umeme ulikatika mchana kutwa. Nikaanza kuhesabu siku upya tangu friza liliporudi kwenye baridi yake, maana sikutaka kubahatisha. Nilipolitoa nililiacha siku nzima bila kufungua nailoni, ili jasho la baridi liishie nje na lisiguse zari.

Feromoni bado ninazo, sasa ninazitumia nikijua namtafuta nani. Mwaka huu vikapu na viungo vya maonyesho ya biashara ya karafuu vilipoingia, nilining'iniza moja ya kumnasa mbawakawa wa tumbaku, Lasioderma serricorne, mbali na mlango ili isiwaite wa nje, na nikaandika tarehe ya kidonge. Ilinasa wiki ya pili, na gunia husika likaenda friza kabla ya maonyesho kufunguliwa.

Mitego ya kadibodi nabadilisha kila miezi mitatu, hata ikiwa mitupu, na wadudu walionaswa siwaachi wakae humo. Mwezi uliopita namba 7 ilikuwa na chungu wawili na buibui mmoja. Vitundu kwenye pindo ni kumi na moja bado.