Swali la idara gani

Nilipewa dakika 15. Upande mmoja wa meza alikaa mhadhiri wa saikolojia, upande wa pili mhadhiri wa sosholojia, na katikati yao mratibu wa shahada yetu ya masomo mawili. Nilikuwa mwaka wa tatu, nimekuja kutetea pendekezo langu la utafiti. Sijafungua hata ukurasa wa pili, mhadhiri wa saikolojia akaniuliza, "Kwanza tuambie, wewe ni wa idara gani?"

Swali hilo nilikuwa nimelisikia kwa miaka mitatu. Ratiba zikigongana, kila idara husubiri nyingine ipishe. Asubuhi nilifundishwa kuunda nadharia tete, kuchagua sampuli, kutenga jambo moja ili nipime athari yake. Mchana mwalimu mwingine aliniambia kwamba mtu niliyemtenga hivyo hayupo popote, kwa sababu hakuna anayezaliwa bila familia, tabaka wala zama zake. Insha iliyosifiwa huku ilirudi na wino mwekundu kule. Katika daftari langu la mwaka wa kwanza nilikuwa nimeandika tarakimu nne kubwa: 1908. Mwaka huo vilitoka vitabu viwili vya kufundishia saikolojia ya jamii. Kimoja kiliandikwa na mwanasaikolojia, William McDougall, akianzia kwenye silika za mtu. Kingine kiliandikwa na mwanasosholojia, Edward Ross, akianzia kwenye umati, mitindo na watu kuigana. Nilipolijua hilo nilipata faraja. Nilichokuwa nahangaika nacho kilikuwa na umri mkubwa kuliko sisi sote darasani.

Pendekezo langu lilihusu watu wazima walioachishwa kazi na namna siku zao zinavyopita. Sababu ya kulichagua sikuiandika.

Nilikuwa na miaka 12 kiwanda alichofanyia kazi baba kilipofungwa. Wiki za mwanzo aliamka saa ile ile, akavaa vile vile, akatoka kutafuta. Baadaye mwendo wake ukabadilika. Zamani nilikuwa namkimbilia nyuma ili nimfikie. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nikisimama kumngoja. Yeye naye alisimama, mara kwa mara, bila sababu niliyoiona, mkono ukutani, macho barabarani, kisha akaendelea. Muda alikuwa nao, magazeti yalikuwepo, lakini aliacha kusoma. Mama alitembea upesi kama siku zote, maana kazi zake hazikufungwa na mtu. Ndugu wakasema baba amekuwa mvivu, na kwa miaka kadhaa mimi niliwaamini.

Saikolojia ndiyo iliyonitoa hapo kwanza. Tulifundishwa majaribio ya wanasaikolojia wa Marekani, Seligman na Maier, ya mwaka 1967: mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia, baadaye waliwekwa mahali ambapo wangeweza kuruka na kuziepuka, na wengi wao hawakujaribu. Nilitoka darasani koo limenikaba: huenda baba naye hakuwa mvivu. Muhula uliofuata, kwenye sosholojia, nikakutana na hesabu ya mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, ya mwaka 1959. Katika mji wa watu 100,000 akikosa kazi mtu mmoja, tazama tabia na ujuzi wake. Lakini katika taifa la wafanyakazi milioni 50 wakikosa kazi milioni 15, jawabu huwezi kulitafuta ndani ya mtu mmoja mmoja. Nilihisi baba amefutiwa kosa. Halafu usiku nikaona kuna kitu kimepotea. Kati ya hao milioni 15, yuko wapi yule mmoja aliyeweka mkono ukutani?

Kwa hiyo mhadhiri wa sosholojia aliponikumbusha kwamba Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, mwaka 1895, alisema jambo la kijamii likielezwa moja kwa moja kwa saikolojia tuwe na hakika kuwa maelezo hayo ni ya uongo, na mwenzake akaniuliza kukata tamaa nitakupima kwa kipimo gani, niliziweka karatasi mezani. Nikawasimulia Marienthal.

Ni kijiji karibu na Vienna, Austria. Kilikuwa na familia 478, na karibu zote zilitegemea kiwanda kimoja cha nguo, ambacho kilifungwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mwishoni mwa 1931 watafiti vijana walikwenda kufanya utafiti kati ya watu hao, wakiongozwa na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel. Walijiwekea sharti ambalo mpaka leo naliheshimu kuliko mbinu yoyote niliyofundishwa: hakuna atakayekaa kijijini kama mtazamaji tu, kila mmoja awe na jambo la kuwafaa wenyeji. Waligawa nguo, wakaleta matibabu, wakafundisha ushonaji. Na walihesabu. Walikuta vitabu vinavyoazimwa maktaba vimepungua kwa karibu nusu, wakati watu walikuwa na saa nyingi kuliko zamani. Walikaa dirishani na saa mkononi, wakapima mwendo wa wapita njia katika barabara kuu, na mara ambazo kila mmoja alisimama. Wanaume walikwenda polepole kuliko wanawake, na walisimama zaidi.

"Jahoda alikuwa mwanasaikolojia," nikasema. "Lazarsfeld alisomea hisabati, akaja kuwa mwanasosholojia mkubwa Marekani. Zeisel alisomea sheria. Ule mwendo waliopima ulikuwa wa idara gani?"

Sauti ilinitetemeka, na sikukusudia lisikike kama changamoto. Mratibu aliacha kuandika.

Mhadhiri wa saikolojia ndiye aliyejibu, na jibu lake sikulitarajia. Alisema leo hakuna kamati ya maadili itakayoniruhusu kumpima mtu mwendo kutoka dirishani bila ridhaa yake, basi nitafanyaje? Mhadhiri wa sosholojia akadakia kwamba njia ni ya wote, anayepita hadharani anaonekana na kila mtu. "Kuonekana ni kitu kimoja, kuandikwa ni kingine," mwenzake akamwambia. Wakabishana wao kwa wao, wakanisahau kidogo, na mimi nikawa naandika haraka haraka kila walichosema. Mwishowe tulikubaliana kwamba washiriki wangejaza wenyewe shajara ya siku, saa kwa saa, kisha niwahoji. Watu 20 badala ya 60. Na niwatafute wanawake walioachishwa kazi pia, wasiwe tu wake za walioachishwa. Hilo la mwisho walilisema wote wawili kwa pamoja.

Fomu ilikuwa na sehemu ya jina la msimamizi, mstari mmoja tu. Walitia saini zote mbili humo humo, zikabanana.

Jioni nilimpigia baba. Alijua tu kwamba nilikuwa na mtihani wa kuzungumza. Nikamwambia umekwenda vizuri, halafu nikamsimulia kile kijiji, kiwanda kilichofungwa, dirisha na saa. Yeye sikumtaja. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika.

"Na waliokuwa wakisimama njiani," akauliza, "nao waliwahesabu?"

"Waliwahesabu, baba. Na mara ngapi kila mmoja alisimama."

"Ni wanaume?"

"Wengi wao wanaume."

Nilimsikia akishusha pumzi. "Hiyo karatasi yako," akasema, "nitumie niisome."