Jinsi nilivyopata dawa ya kusafishia mikanda ya Super 8 ya babu

Mikanda ya marehemu babu, ile filamu nyembamba ya sinema za nyumbani, ilikaa kabatini Tanga miaka mingi, na unyevu wa pwani ukaiotesha ukungu. Nilianza na spiriti ya duka la dawa, asilimia 70. Ikaacha madoa, picha zikanata. Kumbe iliyobaki ni maji, na picha imelala ndani ya jelatini, ambayo hulainika ikilowa. Dada akanipa asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Bahati nilijaribu kwenye kipande cha mwanzo kisicho na picha: kilijikunja na kuyeyuka, maana mkanda wenyewe ni wa asetati, plastiki ambayo asetoni huiyeyusha.

Jibu lilikuwa kwa fundi simu: isopropili, aina ya spiriti, ya asilimia 99, anayosafishia bodi za simu. Hata hiyo sikuiamini hivi hivi. Nilidondosha tone kwenye kioo safi. Likakauka bila kuacha alama. Basi nikalowesha kitambaa laini kidogo tu, nikapitisha mkanda taratibu, ukakauka kabla ya kuzungushwa tena kwenye kibiringo chake. Dirisha wazi, jiko limezimwa.

Mkanda mmoja unanuka siki. Huo unaoza wenyewe, hauponi kwa dawa, nimeutenga.