Hamna mtu

Leo Alhamisi na bado naisikia sentensi ya mwalimu wangu. Jumatatu sisi wanafunzi wa klarineti tuliambiwa kila mmoja alete vipande vitatu vya okestra, apige kama yuko kwenye usaili wa kazi. Wenzangu karibu wote walianza na Beethoven, Simfoni ya 6, au ile Scherzo ya Mendelssohn, kipande cha mbio. Mimi nikafungua na Rachmaninoff, Simfoni ya 2, sehemu ya tatu. Nilipomaliza, mwalimu (yule wa skafu) alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Nani amekuchagulia hii?"

Nikajibu: "Hamna mtu."

Akaandika kitu, akaita anayefuata.

Wiki hii visa imetoka, wifi kajifungua mapacha, nimehama chumba, lakini nikilala ni hilo tu: nani amekuchagulia. Alikuwa ananisifu? Au kipande kimenizidi kimo? Hawa Waingereza sentensi moja inabeba pongezi na kofi, na usoni husomi kitu. Nimeirudia kwa sauti yake, nikaipandisha mwisho, nikaishusha. Wapi.

Jana usiku nikampigia Da' Mkubwa nikitegemea huruma. Alicheka mpaka akapaliwa. "Sasa mbona hukusema 'mimi'? Hamna mtu! Kwani kilijileta chenyewe?"

Nikacheka na mimi. Maana najua vizuri kwa nini nilikichagua. Klarineti inaimba kama dakika mbili, wengine wako chini yake, hakuna noti za mbio za kujifichia. Ni pumzi tu. Na pumzi ninayo tangu bendi ya kanisani Mbagala, nilipokuwa naishikilia noti ya mwisho mpaka mchungaji ananigeukia.

Sababu ya pili sikumwambia Da'. Scherzo niliipanga ya tatu nikijua muda utaisha kabla. Ukaisha.

Kwa hiyo leo nimeamka na hiyo Scherzo. Chumba kipya kina baridi, nikaipasha klarineti kwapani kwanza, maana mpingo ukiwa wa baridi ukaupulizia pumzi ya moto unaweza kupasuka, hata kama ni mti wa kwetu Lindi uliozunguka mpaka kwa mafundi wa Ufaransa. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, nikaiweka 60 kwa dakika, pigo moja kwa kila kipimo. Kwenye usaili wanataka kama 84, tena sauti ya chini kabisa, ulimi uguse mwanzi (kile kipande chembamba cha mdomoni kinachotoa sauti) kama hautaki. Kwenye 60 niko mtu. 64, bado. Kufika 68 ulimi umekuwa ugali. Nikarudi 62, nikakaa hapo saa nzima, na mara mbili, narudia, mara mbili, ilitoka safi mpaka nikajikuta natabasamu peke yangu. Jumatatu ijayo naanza na hiyo.